Mkono wa Kuazima Barazani

Apitaye vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa baada ya sala ya Alasiri hakosi kuzisikia kete zikilia. Ni mlio wa komwe kavu zikianguka mojamoja katika mashimo ya mti, na aliyeuzoea hana haja ya kuchungulia ili ajue ni nani anayecheza. Wako wachezao kana kwamba wanahesabu pesa za deni. Na alikuwako mzee mmoja wa baraza letu ambaye kete zake zikilia kama mvua ya ghafula juu ya bati. Mara zimekwisha, naye ameshaegemea ukuta na kuagiza kahawa, hali mwenzake bado anauliza ni wapi alipoliwa.

Mzee huyo sitamtaja jina, kwani mwenyewe hapendi kusemwa. Barazani tulimwita Fundi, na hilo latosha. Katika bao si kila ajuaye kucheza huitwa fundi. Fundi ni yule ambaye ukikaa naye mabao matatu, unaondoka na kichwa kinachouma.

Miaka michache iliyopita Fundi aliamka kwa ajili ya sala ya Alfajiri, akaona mguu wake wa kulia haumtii. Alipotaka kumwita mkewe, maneno hayakutoka. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto wa ubongo, na waliopata kuuguza maradhi hayo wanajua kwamba upande huo ndio uuamrishao mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndimo yalimo maneno pia. Tulikwenda kumwangalia, tukamwombea dua, tukarudi barazani tukaendelea kucheza. Nasema hivyo kwa aibu.

Baada ya miezi alianza kutembea kwa bakora. Maneno yakamrudia, ingawa mazito na ya kuchagua. Mkono wa kulia haukurudi. Ukawa unaning'inia ndani ya mkono wa kanzu kama kitu alichopewa akishike na mwenyewe akasahau kukifuata. Akawa anakwenda msikitini, lakini sisi hatumwoni. Tulikuja kugundua kwamba alikuwa akizunguka kwa uchochoro wa nyuma, njia ndefu na yenye ngazi mbovu, ili asipite mbele ya baraza.

Jioni moja mwanawe alitujia, akasimama bila ya kuketi.

"Ami zangu," akasema, "baba hali wala halali vyema. Jana amemwambia mama alitoe bao uvunguni, likawe kuni."

Mwenye dele la kahawa aliacha kumimina. Hakuna aliyezungumza mpaka kijana yule alipoondoka.

KETE NA KITANGA

Kwa faida ya vijana ambao bao wamelisikia tu, sina budi kueleza shida ilikuwa wapi, kwani mtu ataweza kusema, "Si ana mkono wa kushoto? Achezee huo!"

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni: sita katika nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake. Zilizobaki 22 huwa mkononi, akizinamua mojamoja kila ifikapo zamu yake. Akila shimo la mwenzake, huziteka kete zile na kuzisambaza kuanzia kichwa cha safu yake, moja kila shimo. Na ya mwisho ikiangukia penye kete, safari huendelea. Mtaji mmoja waweza kuzunguka ubao mara kadhaa.

Basi kazi yote imo katika kitanga cha mkono. Unashika gao la komwe, na kidole gumba ndicho mlango: kinaachia moja, kinafunga, kinaachia moja. Mkono usiozoea huachia mbili kwa pamoja, na zikianguka mbili mahali pa moja, bao limeharibika na ugomvi umeanza. Fundi alijaribu nyumbani, peke yake, kwa mkono wa kushoto. Mkewe alitwambia baadaye kwamba alikuwa akizisikia komwe zikitawanyika sakafuni usiku, na akijifanya amelala.

Lakini je, bao ni mkono? Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mwaka wa 1840, alilitungia bao shairi, wala hakuwa mtu wa kupoteza wino kwa mchezo wa vidole. Na Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, aliwachunguza mafundi wa Zanzibar akaandika kitabu juu ya ubingwa wao, kikatoka Leiden mwaka wa 1995. Alichokuwa akikipima ni mipaka ya akili, si wepesi wa vidole. Fundi huuona mwisho wa mtaji kabla hajaugusa.

Hayo ndiyo aliyoyashika mzee mmoja wetu, seremala, jioni ile. Alisema ya kwamba mwenye kucheza bao huchagua mambo machache tu: ataanza shimo gani, atakwenda kulia au kushoto, na akifika nyumba kwa kete ya mwisho bila ya kula, atalala au atasafiri. Mengine yote ni sheria. Mkono hauna shauri. "Basi," akasema, "tumwazime mkono."

Aliyepinga ni nahodha mstaafu, mshindani wa Fundi wa siku zote, na ingawa baadhi yetu tulimwona hana huruma, naona hoja yake ilikuwa ya haki. "Huyo mwenye mkono ana macho," akasema. "Akiona mwenziwe anakosea, atakohoa. Atachelewesha kete. Mimi nitakuwa nacheza na watu wawili. Na Fundi akinifunga hivyo, miye nitasema sikufungwa. Na nikimfunga, yeye atasema si yeye aliyefungwa. Mwataka tumtie furaha au mwataka acheze?"

Ikakubaliwa kwamba mwenye kuazima mkono awe mtu asiyeweza kumsaidia Fundi hata akitaka. Wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi.

Naam, msomaji, ndivyo nilivyoipata kazi ile. Nilichaguliwa kwa ujinga wangu.

NYUMBA YANGU!

Kumrudisha Fundi kulichukua siku nyingi kuliko nitakavyoweza kusimulia. Mara ya kwanza hakutufungulia mlango. Ndugu mmoja wa ukoo, mcha Mungu sana, alisema mgonjwa aachwe na uradi wake, mchezo ni wa wenye afya. Sikusudii kutoa fatwa hapa. Nasema tu kwamba bao letu halina dadu wala halichezewi pesa, na adhana ikilia hakuna mtaji unaomaliziwa. Mwisho nahodha mwenyewe, yule aliyepinga, alikwenda peke yake akasimama dirishani. "Sheikh," akaita, "ni miezi minane sijafungwa. Naanza kujiona fundi. Njoo uninusuru na kiburi." Siku ya pili, baada ya Alasiri, tulisikia bakora ikigonga mawe ya uchochoro, na safari hii ni uchochoro wetu.

Tulicheza hivi: Fundi anakaa kitini, mimi nakaa sakafuni kuliani kwake. Anaonyesha shimo kwa ncha ya bakora, kisha anaipindisha kulia au kushoto, nami natimiza. Siku za kwanza alifungwa ovyo, na ni kwa sababu yangu, maana nilikuwa nikisambaza polepole hata fikira zake zikinitangulia na kurudi kunichukua. Lakini kidogo kidogo nikazoea. Nikaanza kuona anachokiona: kwa nini ameliacha shimo nono na kula la kete moja, kwa nini anatakata hali mimi nashikwa na hofu. Sijapata kusoma darasa kama lile.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, wala sikuijua.

Jioni moja walikuwa kwenye namu za mwisho. Fundi alikuwa amekula katikati, nami nasambaza; kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yake, na nyumba ilikuwa na kete kumi na mbili. Shimo la nahodha la mbele yake lilikuwa tupu, kwa hivyo hakuna kula. Hapo mchezaji ana hiari: alale aiache nyumba salama, ama aivunje asafiri nayo. Kwa macho yangu ya kinafunzi safari ilikuwa tamu. Mkono wangu haukungoja. Uliingia nyumbani, ukazizoa zote, na kete tatu zimeshaanguka ndipo bakora ilipopiga sakafu.

"Nyumba yangu!" akasema Fundi.

Yalikuwa maneno mawili, yametoka wazi bila ya kukwama, tangu augue sijamsikia akisema hivyo. Uso ulimbadilika. Nikazirudisha kete, nikaomba radhi, nahodha akasema si neno na zirejee mahali pake. Fundi hakukubali. Alinyanyuka, akachukua viatu vyake mwenyewe, tukaambiwa na bakora kwamba anakwenda zake.

Nilikwenda nyumbani kwake usiku, baada ya Isha. Alinikaribisha, akaniamuru nile. Kisha akasema, neno moja moja, na mimi nayaandika kama nilivyoyafahamu: kwamba mkewe humvisha kanzu, mwanawe humkata kucha, daktari humwambia anyanyue mguu gani, na wote anawashukuru, Mungu awalipe. Lakini ubaoni hakuna aliyekuwa akimfanyia. Alikuwa akifanya. "Leo," akasema, "nimevishwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilimpelekea seremala maneno hayo kama yalivyo.

Seremala hakusema kitu. Alikaa kimya kama majuma matatu hivi, na kila aliyepita karakanani akamwona amepinda juu ya kipande cha mvule kilichobaki katika mlango wa watu. Alichokileta barazani kilikuwa bao, ila bao la namna yake. Lilikuwa na miguu minne, kimo cha kumfikia mtu aliyekaa kitini. Mashimo yalikuwa mapana na ya kina zaidi, yamesuguliwa hata komwe ikianguka ukingoni huteleza ikaingia yenyewe. Na mbele, upande wa mchezaji, palikuwa na ufuo uliochongwa mtini, na juu yake kisahani cha mbao chenye ukingo, kikitelezeshwa kuliani na kushotoni. Fundi akila, atazizoa kete kwa kitanga cha kushoto azitie kisahanini. Kisha atazitoa humo mojamoja kwa vidole, kisahani kikifuatana na mkono. Hakuna haja tena ya kidole gumba kuwa mlango.

Wapo waliosema ni mchezo wa kobe. Kweli, mtaji uliokuwa ukimchukua Fundi kupepesa jicho, sasa ulichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Vijana wawili waliliacha baraza letu wakahamia jingine kwa kukosa subira, nao siwalaumu sana. Nahodha alijifunza kuvuta tasbihi akingoja. Jambo moja halikuwa katika mpango wa seremala: bao lile lilikuwa jepesi, likitikisika kila Fundi akikisukuma kisahani. Akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya pembe ya ubao. Bao likatulia. Tangu siku hiyo huanza hivyo kila mara. Baada ya Bismillahi huuweka mkono ule pale, kama mtu awekaye jiwe juu ya karatasi siku ya upepo.

Mimi kazi yangu ilikwisha. Sasa hukaa upande wa nahodha, nikifungwa na kila mtu kama kawaida, ingawa kwa mabao marefu kidogo kuliko zamani.

Juzi walikuwa katika bao ambalo hata wapita njia walisimama. Namu zilikuwa zimekwisha mikononi, kete zote ziko chini, na safu ya mbele ya nahodha imebaki na mashimo mawili yenye kitu. Fundi alikuwa ameshaweka vidole juu ya shimo lake la kichwa cha kushoto. Adhana ya Maghribi ikalia. Akaviondoa vidole, akautoa mkono wa kulia pembeni, akauweka mapajani.

Hatukuzikusanya kete. Seremala alivua kikoi alichojitanda mabegani akaufunika ubao jinsi ulivyo, na mwenye duka la jirani akaahidi kuwazuia watoto. Kesho yake nilifika mapema, kabla ya dele la kahawa, nikadhani nimekuwa wa kwanza. Fundi alikuwa ameshakaa kitini, kikoi amekikunja vizuri pembeni, mkono wa kulia uko juu ya pembe ya bao. Mtaji ulikuwa wake.