Kila Rika na Jengo Lake

Januari ikikaribia, korosho zikiwa zimeshauzwa mnadani, maduka ya Masasi na Newala hujaa wazazi wanaowapimia watoto sare. Sketi au kaptula ya bluu na shati jeupe ni vya shule ya msingi. Anayetafutiwa rangi nyingine, huyo anahamia sekondari, na majirani wote watajua kabla jua halijazama. Kwa watu wa Uwanda wa Makonde, mtoto kuhama jengo la masomo ni jambo la ukoo mzima, na chimbuko lake ni kongwe kuliko shule yenyewe.

Wamakonde, Wamakua na Wayao wamezoea tangu zamani kulitenga rika lililofikia umri. Wavulana walipelekwa porini kwenye kibanda cha jando, ambacho Wamakonde hukiita likumbi, wakakaa huko hata miezi kadhaa mpaka vidonda vipone na mafunzo yakamilike. Mdogo asiyetahiriwa hakukanyaga pale, na mama mzazi hakuruhusiwa kusogea. Chakula alikipika nyumbani, kikapelekwa na wanaume. Siku ya kutoka, kibanda kilichomwa moto. Rika lijalo lingejengewa kingine. Wali, yaani wavulana hao waliopitia jando, walirudi kijijini na nguo mpya na jina jipya, na tangu hapo kumwita kijana kwa jina lake la utotoni kukawa ni kumvunjia heshima. Wasichana nao waliwekwa ndani, wakafundwa na makungwi, kisha wakatolewa kwa ngoma za unyago.

Wamisionari walikuta utaratibu huo umekomaa. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya ile ya Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, aliona kuwa kulipiga vita jando ni kazi bure. Akaliingiza kanisani: kibanda kikabaki, lakini padri naye akawamo.

Shule za enzi hizo nazo ziligawanywa kwa majengo. Madarasa ya mwanzo yalikuwa kijijini, mara nyingi chini ya paa la nyasi. Aliyefaulu darasa la nne alikwenda shule ya kati, hadi la nane, na sekondari ilikuwa mbali zaidi. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Tanzania, alizaliwa Lupaso mwaka 1938, alianza kusoma hapohapo kijijini, akaenda Ndanda, akapelekwa seminari ya Kigonsera, akarudi Ndanda, kisha Pugu na hatimaye Makerere. Kila hatua ilikuwa na bweni lake na safari yake. Wengi wa wenzake waliishia jengo la kwanza.

Baada ya uhuru, serikali ilizitaifisha shule za misheni, darasa la nane likaondolewa, na madarasa saba yote yakawekwa uwanja mmoja. Ulikuwa uamuzi mzuri. Leo mtoto wa awali na kaka yake wa darasa la saba hupita njia moja asubuhi, mkubwa akimbebea mdogo dumu la maji. Pale kijiji kilipo mbali na shule mama, kuna shule shikizi: vyumba viwili vitatu vya awali na madarasa ya chini, ili wadogo wasitembee mwendo mrefu. Kati ya vyumba 15,000 vya madarasa vilivyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19, 3,000 vilikuwa vya vituo shikizi na 12,000 vya sekondari.

Ugumu uko kwenye kivuko cha kidato cha kwanza. Hapo mtoto habadilishi jengo tu. Hadi darasa la saba amefundishwa kwa Kiswahili. Sasa hesabu na biolojia zinakuja kwa Kiingereza. Shule za kata zimeisogeza sekondari karibu, lakini kata za uwanda ni pana, njia ni za mchanga, na shule zisizo na bweni huwaacha wasichana watembee alfajiri peke yao au wapange chumba mtaani. Likumbi, pamoja na ukali wake wote, halikumwacha mwali bila mlezi hata usiku mmoja. Jando na unyago vimekubali kubanwa ndani ya likizo za Juni na Desemba ili masomo yasikatizwe. Mila imeshajirekebisha, shule bado inadaiwa.

Na kuna tarehe inayosogea. Walioingia darasa la tatu Januari 2024 wako kwenye mtaala mpya, ambao elimu yake ya msingi ni miaka sita. Watamaliza la sita mwaka 2027, sawa na waliowatangulia watakaokuwa wanamaliza la saba. Januari 2028 marika mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja, na kila rika litahitaji vyumba, walimu na vitanda vyake. Wenyeviti wa vijiji, vyama vya ushirika vya korosho na halmashauri za Masasi na Newala waanze na mabweni ya wasichana, na waanze kwa fedha za korosho za msimu ujao.