Je, Mchezo wa Namba Waweza Kuilinda Akili ya Babu?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya ubongo. Huenda wengine mtashangaa kuona kwamba tunaanza na mchezo wa kwenye simu. Lakini mchezo huu umeingia hata huku kwetu. Ukipita Shanwe jioni, hapa Manispaa ya Mpanda, utawakuta vijana wameinamia simu zao. Wengi wanafuatilia mpira, wengine wanabeti, na wapo wachache wanaojaza namba katika vijumba. Ukiwauliza, watakuambia wanacheza sudoku, tena wanashindana na watu wasiowajua, walio mbali ng'ambo ya bahari. Wazazi nao wanauliza: Je, mchezo huu ni wa faida au ni wa kupoteza muda? Na je, ni kweli kwamba humkinga mtu asipoteze kumbukumbu akizeeka?

Maswali haya ni mazito kuliko yanavyoonekana. Katika familia zetu nyingi yupo babu au bibi ambaye ameanza kusahau, na wote nyumbani hawajui wafanye nini. Basi tuyatazame moja baada ya jingine.

Sudoku ni nini?

Sudoku ya kawaida ni jedwali lenye mistari tisa ya kulala na mistari tisa ya kusimama, yaani vijumba 81. Ndani yake mna mafungu tisa ya mraba. Mchezaji hupewa namba chache, naye ajaze zilizobaki ili kila mstari na kila fungu liwe na namba 1 hadi 9 bila kurudia. Mchezo huo ulichapwa kwanza Marekani mwaka 1979, ukapata jina lake la sasa huko Japani katika miaka ya 1980, na kuanzia mwaka 2004 magazeti ya Uingereza yaliueneza duniani. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 2006 katika mji wa Lucca, Italia, na mshindi alikuwa mwanamke, Jana Tylová wa Ucheki. Siku hizi yapo pia mashindano ya kila mwaka kwa njia ya intaneti, ambamo mtu hushindana kwa saa akiwa nyumbani kwake.

Katika mashindano hayo kuna aina moja inayowatoa jasho hata mabingwa. Mafungu yake si mraba, bali yamepindapinda. Mkulima ataelewa upesi. Sudoku ya kawaida ni kama viwanja vilivyopimwa na serikali, vyote vimenyooka. Hii nyingine ni kama mashamba ya zamani, ambayo mpaka wake unafuata kijito, kisha kichuguu, kisha mti wa mwembe. Ukubwa wa mashamba ni sawa, ila umbo la kila shamba ni lake.

Tujaribu pamoja

Hamhitaji simu wala bando. Chukueni daftari na penseli, mchore jedwali dogo la mistari minne ya kulala, kila mmoja vijumba vinne. Gaweni mashamba manne hivi:

Shamba la kwanza ni vijumba vitatu vya mwanzo vya mstari wa kwanza, pamoja na kijumba cha kwanza cha mstari wa pili. Shamba la pili ni kijumba cha mwisho cha mstari wa kwanza, pamoja na vijumba vitatu vya mwisho vya mstari wa pili. Mashamba mawili ya chini yagaweni vivyo hivyo katika mstari wa tatu na wa nne.

Kisha andikeni namba hizi tatu tu:

1 2 – –
– – – 3
– – – –
– – – –

Kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila shamba lapaswa kuwa na namba 1, 2, 3 na 4, bila kurudia.

Siri ya kuufungua mchezo huu ni moja. Mstari wa kwanza wahitaji 1 hadi 4. Shamba la kwanza nalo lahitaji 1 hadi 4. Vijumba vitatu ni vyao wote wawili. Basi namba iliyo katika kijumba kinachobaki cha mstari, na namba iliyo katika kijumba kinachobaki cha shamba, lazima ziwe namba moja. Fanyeni hivyo hivyo kwa mstari wa tatu. Jibu tumeliweka mwishoni mwa makala, lakini watoto wasilitazame mapema.

Wataalamu wanasema nini?

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 19,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Waliona kwamba wale wanaocheza michezo ya namba mara kwa mara walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko wasiocheza. Habari hiyo ilishangiliwa sana. Lakini tuwe waangalifu. Huenda mchezo ndio ulionoa akili zao. Huenda pia wenye akili nyepesi ndio wanaopenda mchezo. Anayemkuta mtu mwenye afya akilima hawezi kusema kwa hakika kama jembe ndilo lililompa afya, au afya ndiyo iliyompa nguvu ya kushika jembe.

Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanyika Marekani kwa wazee zaidi ya 2,800 wenye miaka 65 na zaidi. Waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, jingine mbinu za kufikiri kwa mpango, jingine wepesi wa kutambua vitu. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba kila kundi lilipata nafuu katika jambo lile lile lililofundishwa, si katika mengine.

Kwa hiyo jibu la kweli ni hili: anayecheza sudoku atakuwa hodari wa sudoku. Ubongo wake unapata kazi, na kazi ni njema. Lakini mchezo si chanjo. Asije mtu akaacha dawa zake za shinikizo la damu kwa kuwa anacheza namba kila jioni.

Mambo yanayoukinga ubongo

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa tangu utotoni hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu duniani. Haya hapa ni baadhi yake, nasi tumeyaweka kwa mazingira yetu:

1. Watoto wasome. Miaka ya shule ni akiba ya ubongo. Binti anayeachishwa shule ili aolewe ananyang'anywa na akiba hiyo.

2. Pimeni shinikizo la damu na kisukari, hasa kuanzia miaka 40. Kiharusi huua sehemu ya ubongo, na vingi vyaweza kuzuiwa.

3. Epukeni tumbaku na ulevi. Mkoa wetu unalima tumbaku, lakini kulima si lazima kuvuta. Na gongo haijapata kumwongezea mtu akili.

4. Kingeni kichwa. Abiria na dereva wa bodaboda wavae kofia ngumu.

5. Msipuuze masikio na macho. Mzee asiyesikia hutengwa na mazungumzo, na asiyeona vizuri huacha kazi ndogo ndogo. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

6. Punguzeni moshi jikoni. Pikieni mahali penye hewa.

7. Mzee asiachwe peke yake. Upweke ni adui mkubwa.

Katika hilo la saba mchezo una nafasi yake. Bao letu lenye mashimo 32 na kete 64 linamtaka mchezaji ahesabu, akumbuke na kutazama mbele. Zaidi ya hayo, linamtaka awe na mwenzake. Babu anayecheza bao chini ya mwembe ana mambo mawili ambayo kijana wa sudoku peke yake kitandani hana, nayo ni jirani na kicheko.

Mfano wa Hai

Msidhani maradhi haya ni ya Wazungu. Mwaka 2010 watafiti waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Walikuta kwamba kwa makadirio wazee sita hivi katika kila mia wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu huuita demensia. Leo wazee wanaongezeka nchini, na ugonjwa utaongezeka pamoja nao.

Huko huko Hai lilijaribiwa jambo la kutia moyo. Wagonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo, mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba. Walizungumza juu ya vyakula, nyimbo za zamani, vitu vya nyumbani, na kufanya michezo myepesi. Kwa kuwa wengi hawakupata shule, mazoezi yalirekebishwa yasitegemee kusoma na kuandika. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili wa wagonjwa. Ugonjwa haukupona, maana hadi leo hauna dawa ya kuuponya, lakini maisha ya mtu yalipata mwanga. Sisi tunaona kwamba jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na vijana wetu wangeweza kuiga mfano huo bila gharama kubwa.

Dalili za kuangalia

Kusahau ulikoweka miwani si ugonjwa. Lakini msikae kimya mzee akianza kuuliza swali moja mara nyingi kwa saa moja, akipotea katika njia aliyoipita miaka yote, akishindwa kuhesabu chenji sokoni, au akisahau chungu motoni kila siku. Wengine huficha fedha, kisha huwashtaki wajukuu kwamba wameiba. Wengine hutoka usiku na kutangatanga.

Hapa tuseme wazi. Huku magharibi mwa nchi yetu wazee, hasa akina bibi, wamepigwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Bibi anayekutwa nje usiku wa manane, haelewi yuko wapi, anasema maneno yasiyoeleweka, huenda ni mgonjwa wa ubongo. Macho yake mekundu huenda ni ya moshi wa miaka mingi jikoni. Mshike mkono, mfunike nguo, mrudishe nyumbani. Asubuhi mpelekeni kituo cha afya, si kwa mpiga ramli.

Si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo haelewi kitu yafaa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa malaria, maambukizi mengine, sukari kushuka, kukosa maji mwilini au kiharusi. Hata huzuni nzito na baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu asahau. Mengi ya hayo hutibika.

Na vijana wetu je?

Mzazi asimgombeze kijana anayecheza sudoku kana kwamba anacheza kamari. Ni mchezo safi. Hata hivyo tunatoa maonyo manne.

Kwanza, usingizi. Mashindano ya kimataifa hayafuati saa za Mpanda. Kijana akikesha na simu, kesho yake darasani haelewi, na ubongo uliokosa usingizi haushiki lililofundishwa. Simu ilale nje ya chumba.

Pili, macho na shingo. Kila baada ya dakika 20 ainue kichwa na kutazama mbali, kama hatua kumi hivi, kwa sekunde 20.

Tatu, fedha. Ukidaiwa kuweka dau ili ushiriki, au kutuma fedha kwa simu ili upokee zawadi, huo si mchezo tena. Ni kamari au ni utapeli.

Nne, watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mtoto huyo afadhali acheze bila skrini.

Neno la mwisho

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kinamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zitakapompungukia. Mwandishi yule wa kale alijua jambo hili latokea, wala hakulifanya aibu. Basi kijana wa Shanwe, mwenye akili ya kuyapanga mashamba yaliyopinda, aketi jioni moja na babu yake na daftari. Kama babu hawezi namba, wacheze bao. Kama hawezi bao, amwulize habari za zamani, reli ilipofika Mpanda na kazi ya mgodini. Na babu akirudia hadithi ile ile mara ya tatu, aisikilize kama mara ya kwanza.

Jibu la mchezo wetu, mstari kwa mstari: 1 2 3 4; 4 1 2 3; 3 4 1 2; 2 3 4 1.