Redio ya Jamii ni Kitu Gani, na Yatufaa Nini Sisi Wenye Mikarafuu

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita ilisomwa barua ya redio ya jamii, yatutaka Chama tuchukue nusu saa kila wiki tuseme mambo yetu: karafuu, mvua, miti, njia na ujirani. Wengine walifurahi. Wengine waliuliza, na ni haki yao kuuliza, redio hiyo ni ya nani, yalipiwa na nani, na vipi tutajua kuwa haitatutia fitina. Mzee mmoja alisema, "Sisi twajua kuchuma, hatujui kutangaza." Kamati imenitaka nieleze, nami naeleza kwa kadiri nilivyopata kujua.

Redio si ngeni kwetu. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na wako wazee wanaokumbuka watu walivyokuwa wakikusanyika barazani penye redio moja. Hiyo ilikuwa redio ya Serikali, kama ilivyo ZBC leo, na khabari zake ni za nchi nzima. Ziko na redio za biashara, nazo huishi kwa matangazo ya sabuni na simu. Redio ya jamii ni namna ya tatu. Haikuwekwa kwa faida ya mtu. Yatumikia mahala ulipo mnara wake, na wasemaji wake wengi ni watu wa hapo hapo. Hapa Pemba mfano wake ni ile ya Micheweni, iliyosimamishwa kwa msaada wa UNESCO. Wala haisemi ipendavyo, kwani sharti iwe na leseni, na huku kwetu mwenye kusimamia ni Tume ya Utangazaji.

Sasa niseme jinsi inavyofika, maana wengi hudhani kuwa isiposikika mtambo ni mbovu. Redio hizi hutumia FM, na mawimbi ya FM huenda karibu sawa na macho yaonavyo. Yakikuta kilima hayakipindi vizuri. Kwa hiyo kuuinua mnara mara nyingi kwafaa zaidi kuliko kuongeza nguvu za mtambo. Hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata urefu huo, kisha uizidishe kwa 4. Mnara wa mita 36 wapata 6, na 6 mara 4 ni 24: basi penye ardhi tambarare utasikika kama kilomita 24. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita kama 67, nacho ni vilima na mabonde matupu. Ndiyo maana mwenye mikarafuu juu ya kilima husikia barabara, na nduguye aliye bondeni kwenye mpunga akapata mikwaruzo. Simu nyingi nazo zina redio ndani, na ule waya wa masikioni ndio antena yake. Ukiuchomoa, redio hunyamaza. (Nawaomba vijana wasipande mkarafuu na waya masikioni. Tawi la mkarafuu halina msamaha.)

Faida yake nitaieleza kwa jambo lililonipata mwenyewe. Vuli moja nilikuwa nimeanika karafuu, zina siku ya tatu juani, bado kama siku mbili zikauke. Asubuhi nilipanda gari kwenda Wete, na redio iliyokuwa ikisemeshwa mle garini ikatangaza kuwa siku itakuwa ya jua. Wete halikudondoka tone. Kijijini kwangu ilishuka mvua ya saa nzima, na nyumbani alikuwako mama yangu peke yake, naye hawezi kukunja majamvi. Karafuu zile zilififia rangi, nyingine zikaota ukungu, na kwenye mizani zikashuka daraja. Ile redio haikusema uongo. Ilisema khabari ya nchi, na mvua ile ilikuwa ya kijiji kimoja. Lau pangekuwako redio ya hapa, na mtu wa Konde akapiga simu kusema, "Huku imeanza, na upepo waja kwenu," jirani yangu mmoja angesikia, akaita watoto wakakunja. Khabari ndogo kama hiyo haina pahala katika redio kubwa, na kwetu ina thamani ya magunia.

Katika mambo ya viumbe na miti, nafikiri zaidi juu ya popo wetu. Popo wa Pemba, yule mkubwa alaye matunda, hapatikani duniani ila kisiwa hiki. Mwanzo wa miaka ya 1990 walikuwa wamesalia elfu chache tu kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwatunza, Kidike ni kimojawapo, na baada ya miaka kama 15 wakahesabiwa zaidi ya 20,000. Kazi ile ilifanywa na majirani kwa kusemezana, wala si kwa kukamatana. Najua wako kati yetu wenye malalamiko kuwa popo humaliza maembe. Basi waje waseme, na mtu wa Kidike naye aje aeleze jinsi popo anavyotawanya mbegu za msituni. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayofaa nusu saa yetu, kuliko mtu mmoja kusoma karatasi.

Ama ujirani, hapa ndipo penye hofu, na hofu hiyo si ya bure. Kisiwa hiki kimeonja uchungu wa siasa hata watu wakasusiana madukani na mazikoni. Ng'ombe akiingia katika miche ya mtu leo, kesho khabari ikatangazwa na jina la mwenye ng'ombe, hapo hatukutengeneza kitu. Kwa hiyo Kamati yapendekeza masharti mawili: asitajwe kwa ubaya mtu asiyekuwapo kujibu, na mambo ya vyama vya siasa yasiingie katika nusu saa yetu. Lakini daraja likivunjika, au njia ya kutolea karafuu ikikatika kwa mvua, hilo tulitaje wazi, na tumwalike sheha au diwani aje ajibu kwa sauti yake. Mimi naona kiongozi aliyeahidi mbele ya wasikilizaji wote hujihimu kuliko aliyeahidi ofisini.

Liko bado la fedha. Mwaka 1982 UNESCO ilisaidia kusimamisha redio ya jamii Homa Bay, Kenya, ikisema kwa Kijaluo, nayo ikawa miongoni mwa za kwanza Afrika. Mwaka 1984 Serikali ya huko iliifunga. Bolivia, Amerika ya Kusini, wachimba madini ya bati walianza redio zao tangu miaka ya 1940, wakakatwa sehemu ya mishahara kuzilipia, na baadhi yake zilidumu miongo kadhaa ingawa zilivamiwa na askari zaidi ya mara moja. Kwa maoni yangu kitu ukilipiacho hukiachi kife kwa urahisi. Redio iliyotuandikia haikutudai ada. Yataka watu wa kusema, na mchango wa umeme kwa mwenye kuweza. Kamati imeona kila mwanachama atoe thamani ya pishi moja ya karafuu kwa msimu, kwa hiari. Asiye na mavuno mwaka huu asitoe.

Jambo hili litapigiwa kura katika mkutano ujao. Twahitaji watu sita wa kuanzia: wawili wa mambo ya miche na magonjwa ya mikarafuu, mmoja ajuaye pepo na mvua za kisiwa hiki, mmoja wa wachumaji, na wanawake wawili katika wale wachambuao makonyo, maana wao huziona karafuu mbovu kabla yetu sote. Mwenye kutaka aje barazani kwangu baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote ila Ijumaa. Yule mzee aliyesema hajui kutangaza, jina lake nimekwisha kuliandika kwa mambo ya mvua. Akikataa, na aje alifute mwenyewe.

Katibu