Ukimuuliza Mzee Habari za Mpira, Atakuonyesha Njia ya Kwenda Uwanjani

Ukipanda treni ya Blue Line pale Cedar-Riverside ukashuka kituo cha mwisho, unafika Mall of America. Wengi wetu hatuhitaji kuelekezwa. Tumebeba boksi mle ndani, tumeuza viatu, tumefuta meza za chakula. Ila wachache wanajua kwamba wanapokatiza kwenye bembea na mitambo ya watoto katikati ya jengo lile, wanakanyaga uwanja wa michezo. Sakafuni kuna bamba linaloonyesha aliposimama mpigaji wa besiboli, na juu kabisa ukutani kimefungwa kiti kimoja chekundu, alama ya mahali ulipofika mpira alioupiga Harmon Killebrew mwaka 1967. Hayo ndiyo mabaki ya Metropolitan Stadium, uliofunguliwa 1956, ukachezewa mara ya mwisho Desemba 1981 na kubomolewa 1985. Mall ikafunguliwa 1992.

Kumbe hapo hapo palichezwa na soka, tena soka la kujaza watu. Timu iliitwa Minnesota Kicks, ikaishi kuanzia 1976 hadi 1981. Misimu ya 1977 na 1978 ilikuwa inaingiza wastani wa watu zaidi ya 30,000 kwa mechi, wakati huo Marekani yote ikisema soka ni mchezo wa wageni. Agosti 1978 waliifunga New York Cosmos mabao 9-2, Alan Willey peke yake akifunga matano. Halafu wakaenda kwa wenzao, wakapigwa 4-0 na kutolewa mashindanoni, kwa sababu kanuni za ligi ile hazikujumlisha mabao ya mechi mbili! Na kiungo wao mmoja alikuwa Mwafrika mwenzetu, Patrick "Ace" Ntsoelengoe wa Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Basi mtafute mzungu wa hapa aliyekuwa kijana miaka hiyo, umwulize habari za Kicks. Hataanza na hizo tisa. Ataanza na maegesho ya magari: walivyofika saa nyingi kabla ya mechi, wakachoma nyama, wakanywa bia, wengine hata geti hawakulikumbuka.

Nimewatanguliza hao makusudi, maana tunapowasikiliza wazee wetu tunadhani ni uzee tu unaowafanya wazunguke. Si uzee. Ndivyo kumbukumbu ya mpira ilivyo: shabiki wa zamani anahifadhi jiji lake, na mpira ndio msumari alioutundikia.

Chukua Dar es Salaam, jiji ninalolijua zaidi. Mtafute Mtanzania mwenye miaka sabini hivi, awe Brooklyn Park au kwingineko hapa Minnesota. Mwamkie, kaa chini, umwulize mechi ya Simba na Yanga ya 1977 ilikuwaje. Hakupi bao kwanza, anakupa njia. Walitokea Kariakoo kwa miguu, wakapita Gerezani, wakafika Kamata, wakakata Keko mpaka Chang'ombe, na barabara kubwa ile wakati huo ikiitwa Pugu Road, siku hizi Nyerere. Utapewa basi la UDA lililojaa hadi milangoni. Utapewa muuza kahawa, na jina la jirani aliyeahidi kunyoa kipara wakifungwa. Mabao yatakuja mwishoni, tena kwa hesabu kamili: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Selemani Sanga akajifunga. Sita bila, Julai 19, 1977.

Kwa nini njia kwanza? Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa, nayo ni televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo zile sita walioziona kwa macho ni waliokuwa uwanjani. Wengine wote waliletewa na Radio Tanzania Dar es Salaam, au walizisoma gazetini kesho yake. Marudio hakuna. Kijana aliyeshuhudia tano moja ya Yanga, Novemba 5, 2023, anayo kwenye simu, akitaka bao la tatu analirudia hata akiwa darasani (msimwambie profesa). Kumbukumbu yake haihitaji mtaa. Ya mzee lazima ishikwe na kitu, na kilichokuwepo kuishika ni mahali: redio ilikuwa baraza la nani, betri zilinunuliwa duka gani, bao lilipoingia alikuwa amesimama kona ipi na nani alimrukia mgongoni.

Sababu nyingine ni kwamba klabu zenyewe zilikuwa za mtaani. Yanga ni ya mwaka 1935. Simba ni ya 1936, ikaitwa Sunderland kwa miaka mingi, hadi 1971 ilipochukua jina la sasa. Jengo la Simba lipo Mtaa wa Msimbazi, la Yanga lipo makutano ya Twiga na Jangwani, na kutoka moja hadi jingine unatembea kwa miguu bila kutoka jasho. Watani wa jadi, kweli, lakini watani waliokuwa wakichota maji bomba moja. Kariakoo hiyo ambayo jina lake ni mabaki ya Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma, baraza mbele. Kwenye baraza hilo ndiko timu ilikopangwa upya kila jioni na watu ambao hawakuwahi kuvaa viatu vya mpira.

Sasa nenda Kariakoo leo. Nyumba zile nyingi zimekwenda, zimeota ghorofa zenye maduka chini mpaka juu. Soko kuu, lile la miaka ya 1970 lililochorwa na Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja la kibiashara liliporomoka na kuua watu. Majengo ya klabu bado yapo, lakini timu zenyewe zimehamia pembezoni, Simba wana viwanja vyao Bunju na Yanga wameweka kambi Kigamboni. Hata mechi imehama, ingawa si mbali: Mei 2012 Simba alipompiga Yanga tano bila, ilikuwa katika uwanja mpya wa watu 60,000 ulioanza kutumika 2007, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Ule wa zamani, ulikopandishwa bendera ya uhuru Desemba 1961, upo jirani tu, jina lake Uhuru. Ila wenyewe wanaujua kwa jina la Shamba la Bibi.

Hapo ndipo tunapotofautiana na ndugu zetu waliobaki. Aliyebaki Dar ameona kila ghorofa likipanda. Jiji lilimbadilikia kidogo kidogo, na yeye akabadilika nalo, hana sababu ya kulilia. Aliyepanda ndege 1985 alifunga mlango akaondoka na ufunguo. Kariakoo yake haijawahi kuungua. Ndio maana utakuta mbishani mkali wa mambo ya Simba na Yanga yuko huku kwenye theluji, wakati binamu yake wa Ilala siku hizi anaongelea Arsenal.

Na tusisahau majirani zetu wa hapo Cedar-Riverside. Kwa wazee wa Kisomali habari hii ni nzito kuliko yetu. Uwanja wa Mogadishu ulijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Baada ya dola kuanguka 1991 vita vikaufikia, na kwa miaka mingi ukageuzwa kambi: walikaa askari wa Ethiopia, wakakaa Al-Shabaab, vikakaa vikosi vya Umoja wa Afrika. Ulifunguliwa tena kwa mpira Juni 2020. Mtu aliyeukumbuka kwa miaka thelathini akiwa ghorofa ya kumi na kitu hapa Minneapolis hakuwa anajifurahisha tu. Alikuwa anatunza kitu ambacho hakikuwa na mtunzaji mwingine.

Wakenya nao wana ya kwao, na ya kwao ina utamu wa majina. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila, Abaluhya FC ikawa AFC Leopards mwaka 1980, na Gor Mahia ikalazimika kwa muda kujiita Gulf Olympic Rangers, jina ambalo sidhani kama kuna shabiki aliyewahi kulipigia kelele uwanjani. Watu waliendelea na K'Ogalo na Ingwe yao. Desemba 1987, Gor ilipotoka 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani dhidi ya Espérance na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini, jina lililoimbwa lilikuwa lile la mtaani. Serikali ilikuwa na karatasi, mashabiki walikuwa na midomo.

Lakini tusidanganyane. Kumbukumbu hizi zina mashimo, na mashimo yenyewe yanafundisha. Turudi kwa sita bila. Mtu wa Simba atakusimulia kama vile Yanga walishuka na kikosi kamili. Mtu wa Yanga hatakuacha umalize sentensi: atakukumbusha kuwa mwaka mmoja kabla, 1976, klabu ilipasuka kwa mgogoro na wachezaji wengi wazuri wakaondoka kuanzisha Pan African. Wote wawili wanasema kweli! Ila kila mmoja anaanza hadithi pale panapomfaa. Ndivyo mtu wa Yanga anavyoanza na 1968, tano bila, au na fainali ya Nyamagana, Mwanza, 1974, walipochukua ubingwa kwa 2-1. Huyo wa Simba akibanwa anakimbilia Lusaka 1979: amefungwa nne bila nyumbani na Mufulira Wanderers, watu wamekwisha kuandaa msiba, akaenda kuwapiga tano bila kwao. Hasemi sana kuhusu 1993, fainali ya Kombe la CAF, alipotoka suluhu Abidjan na Stella kisha akafungwa mbili nyumbani mbele ya Rais Mwinyi.

Kuna na mengine yanayofunikwa. Shamba la bibi ni shamba ambalo kila mjukuu anavuna anavyotaka, na jina hilo halikuja bure, linasema kitu kuhusu mapato ya mlangoni. "Zamani mpira ulichezwa kwa mapenzi," wazee wanasema. Sawa, lakini mapenzi hayo maana yake ni kwamba mchezaji aliyejaza uwanja mara nyingi alistaafu bila kitu. Na kinamama je? Hadithi nyingi hawamo. Walioingia uwanjani walikuwa wachache, ila ukimkalisha bibi atakueleza kuwa matokeo aliyajua kwa namna babu alivyofungua mlango. Hiyo nayo ni historia ya mpira, tena mimi naiona ndiyo bora zaidi, kwa vile haina cha kujisifia.

Ninachokiogopa ni muda. Aliyekuwa na miaka ishirini siku ya sita bila anakaribia sabini. Wa tano bila ya 1968 anakaribia themanini. Hata sauti zilizotuletea mipira zinaondoka: katika mwaka 2025 peke yake tulimpoteza Leonard Mambo Mbotela mwezi Februari na Charles Hilary mwezi Mei. Kwa mechi ambazo hazikupigwa picha, mzee akiondoka, kanda imefutika.

Sisi tunasomea mambo mengi hapa, wengine wanasomea historia yenyewe, na kila mmoja wetu ana simu inayorekodi. Mwanafunzi akienda kula ubwabwa kwa mzee wikiendi, anaweza kurudi na saa nzima ya Kariakoo ya 1974. Ila namna ya kuuliza ina kazi yake. Usiulize nani alifunga, hiyo imo magazetini. Uliza alitokea mtaa gani, alipita wapi, kiingilio alikipata wapi au aliruka ukuta upande upi, redio ilikuwa ya nani, na kurudi walirudije usiku ule. Akitaja duka, uliza lilikuwa la nani na sasa pana nini. Mama akipita na sinia, mwulize na yeye, usizime simu. Na kama mwenyeji wako ni mtu wa Yanga, 1977 iache mpaka aitaje mwenyewe, tena akiitaja usicheke, angalau mpaka chai iwe imekwisha kuletwa.