Mafuta ya parafini ya kulainisha choo

Choo kikiwa kigumu, wengi wanakimbilia farmasi kununua mafuta ya parafini pasipo kuuliza munganga. (Si petroli ya taa, uangalie vizuri chupa!) Mafuta haya yanalainisha choo kweli. Lakini ukizidisha kipimo yanatoka yenyewe na kuchafua nguo, na ukiyanywa majuma mengi yanazuia mwili kupata vitamini A, D, E na K za chakula.

Hatari kubwa iko kwa mapafu. Mafuta haya hayaamshi kikohozi, kwa hiyo yanaweza kuingia polepole katika njia ya pumzi na kuleta ugonjwa wa mapafu, zaidi sana kwa mutoto anayenyweshwa kwa nguvu huku analia. Basi usimupe mutoto mudogo, wala muzee asiyetoka kitandani, wala mugonjwa anayemeza kwa taabu. Mutu muzima anywe akiwa amekaa, si wakati wa kwenda kulala. Siku 7 zikipita, aone munganga.

Na kama tumbo linauma sana, unatapika, hata hewa haitoki chini, usinywe dawa yoyote ya choo. Pengine utumbo umeziba. Uje hospitali siku ile ile.