Miguu Iwakayo Moto Usiku

Malalamiko huanza usiku. Mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga hulala ameitoa miguu nje ya shuka, kwa kuwa hata uzito wa shuka humtesa. Nyayo humwaka kama aliyekanyaga makaa. Kisha huja vichomi mithili ya sindano, na kabla ya alfajiri huwa ameshashuka kitandani mara kadhaa kusimama juu ya sakafu ya saruji apate ubaridi. Miguu yenyewe haina jeraha wala uvimbe. Jirani husema amekanyaga kitu alichotegewa. Duka la dawa humuuzia diklofenaki, isiyomfaa, naye huongeza vidonge pasipo kujua kwamba dawa hiyo yaweza kuziumiza figo ambazo kisukari tayari kinazitishia.

Mgonjwa huyo ni wa mfano, lakini hakuna kliniki ya kisukari isiyomfahamu. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.4, yaani asilimia 43 ya wakazi wa dunia, waliishi na tatizo la mfumo wa fahamu. Lililokua kwa kasi kuliko yote halikuwa kiharusi wala kifafa, bali uharibifu wa mishipa ya fahamu utokanao na kisukari: walioathirika waliongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1990, wakafikia milioni 206. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo na athari za kiafya zitokanazo na maradhi ya mfumo wa fahamu huzikumba nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sukari inapokaa juu kwa miaka, huidhoofisha mishipa ya fahamu yenyewe pamoja na vishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Iliyo mirefu zaidi hudhurika kwanza. Ndiyo maana dalili huanzia vidoleni, zikapanda kama mtu avaaye soksi, na baadaye hufika mikononi. Mshipa uliojeruhiwa hutuma taarifa za uongo: ubongo hupokea habari ya moto mahali pasipo na moto.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Maumivu yakipungua yenyewe baada ya miaka, mgonjwa hushukuru na familia hufurahi. Huenda mshipa umekufa tu. Mguu uliofia ganzi haujui msumari uliopenya kwenye kandambili, wala haujui kwamba maji ya chumvi aliyoandaliwa ya kukandia yanachemka. Kidonda hugunduliwa kwa harufu, na wakati mwingine kinachofuata ni kukatwa mguu.

Kuupima mguu hakuhitaji mashine. Uzi maalumu wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10 ukikosekana, kidole cha mhudumu chatosha. Mgonjwa hufumba macho. Mhudumu hugusa kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, kwa kila mguu. Asigonge wala asikandamize. Mgonjwa asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu huo umo hatarini. Kazi yote haifiki dakika mbili, ila sharti viatu vivuliwe, na katika kliniki yenye foleni ndefu hilo ndilo hurukwa.

Kisukari hakipaswi kulaumiwa peke yake. Pombe, ukoma na VVU huharibu mishipa ya fahamu pia. Stavudini, dawa ya zamani ya VVU, iliwaachia wengi miguu iwakayo moto hata baada ya kuondolewa katika matibabu. Isoniazidi ya kifua kikuu hupunguza vitamini B6, hivyo hutolewa pamoja nayo. Metiformini ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kushusha vitamini B12, upungufu unaotibika ukitafutwa.

Kudhibiti sukari huzuia uharibifu usiendelee, lakini maumivu yenyewe yana dawa zake. Amitriptilini ni ya bei nafuu: huanzwa kwa miligramu 10 hadi 25 usiku, ikapandishwa polepole, na huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa. Hukausha mdomo na kuleta usingizi. Wazee, wenye maradhi ya moyo na wanaopata shida ya kukojoa huihitaji kwa tahadhari. Lengo la kweli ni kuyapunguza maumivu hata yarudi usingizi, kwani kuyafuta kabisa ni nadra.

Hasara iliyobaki haimo katika daftari la kliniki. Humo huandikwa “kisukari” basi. Haiandikwi kwamba muuza samaki sasa hufunga banda saa nane mchana, wala kwamba bintiye huachishwa masomo kusimama penye karai badala yake.

Na mara nyingi mama huyu hurudi na pakiti ya amitriptilini haijafunguliwa, kwa sababu mtu amemwambia kuwa ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ni kweli hutumika pia kutibu sonona. Mwandika dawa angemweleza hilo mapema, pamoja na sababu ya kupewa yeye, kabla hajaondoka chumbani.