Ikweta ya Kikorongo na Programu za Kupima Kujizungusha kwa Dunia

Makala haya yanaeleza namna programu za kupima kujizungusha kwa dunia zinavyoboreshwa, na kwa nini suala hilo linaihusu Afrika Mashariki. Tunasema kujizungusha kwa kuwa neno mzunguko hutumika pia kwa safari ya dunia kulizunguka jua.

Kikorongo, wilayani Kasese, barabara kuu hukatiza ikweta. Aliyesimama hapo huchukuliwa na dunia kuelekea mashariki takriban mita 465 kila sekunde. Kipimo cha pembe ya dunia kikikosewa kwa elfu moja ya sekunde, mahali hapo hukosewa kwa takriban sentimita 46 kulingana na nyota. Aidha, kasi hiyo haitabiriki kikamilifu, kwani upepo, bahari na kiini cha dunia huibadilisha. Hivyo sharti ipimwe mara kwa mara.

Satelaiti pekee hazitoshi, maana njia zake angani nazo hubadilika. Kipimo huru hutokana na darubini za redio zilizo mbalimbali, kama Wettzell, Ujerumani, na Kokee Park, Hawaii, zinazopokea mawimbi ya kwasa ileile, yaani kiini king'avu cha galaksi ya mbali sana. Tofauti ya wakati wa mawimbi kufika hudhihirisha pembe ambayo dunia imejizungusha.

Kwa muda mrefu, mchanganuzi alifungua kila faili, akaondoa utata wa mawimbi na kuchuja data mbovu kwa mkono. Leo IVS, huduma ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1999, hutumia muundo mpya wa data, vgosDB, na programu kama c5++ imeonyesha kwamba hatua zote zinaweza kujiendesha. Faida yake ni wepesi: kipimo kikichelewa, makadirio yanayotumiwa na satelaiti hupungua usahihi. Hatari yake ni kosa kujirudia kimyakimya. Kwa hiyo kila hatua iache kumbukumbu inayokaguliwa na binadamu.

Kituo cha Mbarara kinachopokea mawimbi ya satelaiti, MBAR, hutegemea vipimo hivyo, ilhali darubini ya aina hiyo iliyozoeleka barani iko Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Hata hivyo, data za IVS zi wazi kwa watafiti. Tunapendekeza vyuo vikuu vyetu viandae wachanganuzi na istilahi sanifu za Kiswahili sasa, bila kungoja darubini ijengwe.